Akina Mama Tisa na Jembe: Historia Yetu Iliyokuwa Ndani ya Kifuniko cha Sanduku

Tumefika mwaka wa kumi tukiwa na uhai, na sanduku letu la fedha likiwa na kufuli zake zote tatu. Habari za hisa, mikopo na mfuko wa jamii mhazini na katibu wameziandika katika kurasa zao, hatutazirudia. Sisi tumepewa kurasa hizi za historia. Wengine walitegemea tuandike nani alinunua hisa ya kwanza na nani alitoa mkeka wa kukalia siku ile ya kwanza. Hayo ni mambo ya miaka kumi tu, na sisi tuliokuwepo bado tunabishana juu yake. Tumeona bora tuandike habari ya kazi iliyotuingia katikati ya safari bila kuipanga, yaani kazi ya kutafuta picha za zamani za familia zetu za huku milimani na kuandika majina ya watu waliomo. Kazi hii imetuletea furaha, imetuletea na ugomvi, na mpaka leo haijaisha.

Ilianzia msibani. Mwaka wa nne wa kikundi alifariki mama mkwe wa mwanachama mwenzetu. Kama ilivyo kawaida mfuko wa jamii ulitoa mchango, nasi tukaenda kulala matanga, tukachota maji, tukapika. Wakati wa mazishi akasimama mjukuu mmoja kusoma wasifu wa marehemu. Akasema bibi alizaliwa zamani, akataja watoto wake, akasema alikuwa mkulima, akakaa. Hazikufika dakika mbili. Mama aliyeishi miaka zaidi ya tisini, aliyezaa na kulea na kuzika, habari zake zote zimekwisha kabla hata mtu hajakohoa. Tuliangaliana. Kwa kweli tuliona haya, maana kila mmoja wetu alijua kwamba na mama yake akifa leo itakuwa hivyo hivyo.

Siku ya kuanua matanga lilifunguliwa sanduku la bati la marehemu ili vitu vyake vigawiwe. Kanga zilitoka, shuka zikatoka, risiti za kodi za mume wake zikatoka zimefungwa kwa uzi. Sanduku lilipobaki tupu ndipo mtu akaona kwamba ndani ya kifuniko imebandikwa picha. Ilikuwa ndogo kama kiganja, ile nyeupe na nyeusi, lakini imeshageuka rangi ya chai. Ilibandikwa kwa uji wa unga, kama wazee wetu walivyobandika kila kitu.

Katika picha hiyo akina mama tisa wamesimama mstari mmoja mteremkoni, kila mmoja na jembe lake begani. Pembeni kushoto yupo msichana mdogo amebeba mtoto mgongoni. Upande wa kulia yupo mwanamume mwenye kaptura na soksi ndefu, ambaye nusu ya uso wake imekatwa na ukingo wa picha. Nyuma yao kilima kizima ni matuta, yamepangwa kama ngazi. Maandishi hakuna hata herufi moja.

Tukaulizana ni akina nani hawa. Watoto wa marehemu hawajui. Wajukuu ndio kabisa. Aliyejua ni yule tuliyekuwa tumemzika wiki ile, ambaye alilala karibu na sanduku hilo miaka yote, nasi tulikunywa chai nyumbani kwake mara nyingi wala hatukuwahi kumwuliza kitu zaidi ya hali yake ya mgongo.

Mmoja akataka kuibandua kwa maji ya moto. Katibu wetu akamshika mkono, akasema, "Jamani, ukiibandua utabaki na uji na karatasi." Alisema kweli. Ndipo tukapata habari kwamba ng'ambo ya bonde yupo bibi mmoja aliyekulia mtaa huu kabla ya kuolewa kule, na kichwa chake bado ni kizima. Basi kijana akafungua bawaba kwa bisibisi, tukajitwika kifuniko cha sanduku kichwani kwa zamu, tukashuka bondeni na kupanda ng'ambo watu watatu. Waliotuona njiani walidhani tumekwenda kukamata mali ya mtu aliyeshindwa kulipa mkopo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wanangu. Kaeni. Hicho ni nini mmebeba?"

Tukamweleza. Akatoka nje kwenye mwanga, akakiweka kifuniko magotini. Alikaa kimya muda mrefu mpaka tukaanza kukata tamaa. Kisha akaweka kidole juu ya yule msichana mwenye mtoto mgongoni akasema, "Huyu ni mimi."

Halafu akaanza kutaja. Wa kwanza jina lake, wa pili jina lake na mume wake na shamba lake lilipokuwa. Alipofika kwa wa tatu akatutazama kwa mshangao. "Huyu si mwenye sanduku?" Ndugu zetu, tulikuwa tumemzika mama yule siku chache nyuma, na watoto wake wa kumzaa walikuwa wameitazama picha ile wakasema hawamjui hata mmoja. Hawakumjua mama yao akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mnene wa mashavu, anacheka. Mwanachama mwenzetu, mkwe wake, alikaa chini pale pale uani akalia upya.

Siku ile bibi alitaja sita. Wa saba alimkumbuka usiku akatuma mjukuu asubuhi kuja kutuambia. Wa nane na wa tisa hakuwapata.

Tulimwuliza ni mwaka gani. Akajibu, "Mwaka wa matuta." Sisi tuliozaliwa baada ya Uhuru tumelisikia neno hilo kwa wazee lakini wengi wetu hatukujua uzito wake, kwa hiyo inabidi tueleze kidogo. Serikali ya Waingereza ilianza mpango wa kuzuia mmomonyoko wa udongo katika bonde la Mlalo mwaka 1946, na kuanzia mwaka 1950 ukaenezwa sehemu nyingi za milima ya Usambara. Watu walilazimishwa kupiga matuta mashambani, na asiyepiga alipelekwa barazani akatozwa faini. Nia ya kuhifadhi udongo haikuwa mbaya, huku kwetu kila mtu anajua mvua ya masika inavyochukua shamba zima na kulipeleka Mombo. Ubaya ulikuwa katika amri. Kazi ile ilikuwa nzito mno, tena bila malipo, na kwa maneno ya bibi iliwaangukia zaidi wanawake, maana jembe lilikuwa mikononi mwao. Chuki ya matuta iliingia katika siasa, na TANU ilipoanzishwa mwaka 1954 ilikuta huku milimani watu tayari wana hasira. Mpango wenyewe ulikufa miaka ya mwisho ya 1950.

Mtaalamu mmoja wa historia kutoka Marekani, Steven Feierman, aliishi huku miaka ya 1960 akiandika maneno ya wazee, akarudi tena baadaye, na mwaka 1990 akatoa kitabu ambacho habari za matuta zimo. Ameeleza vizuri jinsi Wasambaa walivyoupima utawala wowote kwa maneno mawili ya lugha yetu: *kuzifya shi*, yaani kuiponya nchi, na *kubana shi*, kuiharibu nchi. Wazungu walidhani kwa matuta wanaiponya nchi. Watu waliona inaharibika. Mwaka 1981 ulipokuja mradi wa SECAP, wa Serikali yetu pamoja na Wajerumani, wa kupanda majani na miti kwenye kontua, wazee wengine walianza kwa kuuliza kama faini ni ile ile. Mradi huo ulikwenda mpaka mwaka 2000, na majani ya ng'ombe tunayokata leo kwenye kingo za mashamba mengi yalitoka huko.

Sasa mwaka wenyewe wa picha tuliupata hivi. Bibi alisema mtoto aliyembeba mgongoni ni mdogo wake, na mdogo wake huyo aliingia darasa la kwanza mwaka wa Uhuru, 1961. Basi alizaliwa 1954 au karibu na hapo, na kama bado anabebwa mgongoni, picha ni ya 1955 hivi, ikizidi au ikipungua mwaka mmoja. Mtu ambaye hakuvuka darasa la saba anaweza kufanya hesabu hiyo. Wazee hawajui tarehe lakini wanajua nani alikuwa anatambaa, nani alikuwa ameota meno, na nani alikuwa ameolewa wakati wa vita, na kwa vitu hivyo mwaka unapatikana.

Kuhusu aliyepiga picha, bibi alisema ni Mzungu wa kilimo aliyekuja kukagua. Akawapanga akina mama mstari, akawaambia waweke majembe begani, akapiga. Baadaye alileta nakala moja kwa jumbe, na mama mwenye sanduku akaipata kwa sababu alikuwa ndugu wa nyumba ile. Kwa hiyo picha ambayo tunaiona leo kama hazina ilipigwa ili kuonyesha wakubwa kwamba kazi ya matuta inakwenda vizuri. Mwenye sanduku anacheka humo, lakini bibi alisema wa saba alikuwa ametoka kutozwa faini juma lile lile. Ukiitazama bila kuambiwa huwezi kujua.

Nakala ile moja ilibaki. Nyingi ziliondoka na wenye kamera, tena tangu zamani sana. Wamisionari Ernst Johanssen na Paul Wohlrab walifika Mlalo mwaka 1891 wakakiita kituo chao Hohenfriedeberg, na mwaka 1895 misheni yao ikaingia Vuga, mji wa Wakilindi. Lushoto yenyewe Wajerumani waliiita Wilhelmstal kwa jina la mfalme wao. Reli ya kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, na baada ya hapo walowezi na maofisa walipanda huku kwa wingi, na kamera zao. Picha zao zilikwenda Ulaya zikatiwa katika magazeti ya misheni, kadi za posta na albamu za watu binafsi.

Mjukuu wa mwanachama wetu anayesoma chuo alituonyesha kwenye simu siku ya kikao cha hisa. Chuo Kikuu cha Frankfurt kinatunza picha karibu 55,000 za iliyokuwa jumuiya ya makoloni ya Wajerumani, za makoloni yao yote. Wuppertal ndiko nyaraka za misheni ya Bethel zilipo, ndiyo ile ya Mlalo na Vuga. Na yupo mpiga picha aliyeitwa Walther Dobbertin, aliyefanya kazi katika nchi hii kabla ya vita ya 1914, ambaye picha zake ziko katika hazina ya nyaraka ya Serikali ya Ujerumani. Mwezi Desemba 2008 hazina hiyo iliweka picha zake zaidi ya 80,000 kwenye mtandao wa Wikimedia Commons kila mtu azione, na za Dobbertin zimo.

Tulikaa wanawake ishirini na tano tunagombea simu moja. Milima tuliitambua mara moja. Milima haibadiliki sura, mtu wa Magamba anaijua Magamba hata ukimwonyesha imepigwa miaka mia moja iliyopita. Watu ndio hatukuwajua, na maelezo hayakutusaidia. Mkubwa wa Serikali ana jina, mlowezi ana jina, mfalme kama Kinyashi ana jina. Wengine wameandikwa kabila tu, au kazi: mpagazi, kibarua, mwanamke na mtoto. Hata hao vibarua inafaa kuwatazama kwa kufikiri. Kuanzia mwaka 1907 katika wilaya ya Wilhelmstal kila mwanamume alipewa kipande na ilimpasa kufanya kazi siku 30 katika kila miezi minne kwa mlowezi. Ukiona picha ya watu wamesimama kwenye mashamba ya wakati huo, ujue wengi hawakusimama pale kwa kupenda.

Mwanachama mmoja aliuliza swali ambalo lilitunyamazisha. Alisema, "Yule mwanamke na mtoto, si ana wajukuu huku huku? Pengine ni sisi." Ndiyo maana tukasema zile za Ujerumani zimetupita, wanaojua majina wameshakufa wote. Zilizomo ndani ya masanduku yetu hazijatupita, lakini zinaondoka kila tukizika.

Basi tukatangaza kikundini kwamba kila mwanachama alete alichonacho. Tulidhani hakuna kitu. Kumbe zipo. Wapo waliokuwa na picha za studio za Tanga, mtu amesimama mbele ya pazia lililochorwa bahari, na amevaa koti ambalo si lake na viatu ambavyo si vyake, vyote vya studio. Vijana walioteremka Tanga na Korogwe kutafuta kazi walituma picha za namna hiyo nyumbani pamoja na barua, ili mama aone kwamba mwanawe amenenepa. Wapo waliokuwa na picha za wapiga picha wa kwenye gulio, mtu ameshika redio. Wapo waliokuwa na picha za kadi za chama zilizokatwa pembeni. Baadhi ya wenzetu Waislamu walituambia wazee wao hawakupenda kutundika sura ya mtu ukutani, wakaziweka ndani ya vitabu au chini ya godoro. Hizo ndizo zilizokuwa nzima kuliko zote, maana zile za ukutani zimekula moshi wa kuni miaka arobaini.

Hapa tuseme juu ya utunzaji, kwa sababu tuliharibu kabla ya kujifunza. Picha mbili tulizipeleka steshenari moja kutoa nakala tukaziacha pale, hazikurudi. Mwenye duka aliapa alizirudisha. Tangu hapo picha haiachwi popote, mwenyewe anasimama mpaka inamaliziwa. Picha nyingine ilifutwa kwa kitambaa chenye maji na uso ukatoka na kitambaa. Vumbi linapanguswa kwa brashi laini kavu, basi. Picha iliyoshikana na kioo cha fremu haibanduliwi, inapigwa picha kwa simu pale pale juu ya kioo, nje kivulini bila jua kuchoma. Albamu zenye kurasa za gundi na nailoni juu, zile tulizonunua kwa fahari miaka ya themanini na tisini, zinakula picha, na kuzitoa ni kazi. Mfuko wa plastiki nao ni mbaya kwa huku kwetu. Lugha yetu ya Kiswahili imesema ukungu ule wa asubuhi na ukungu ule unaoota juu ya mkate kwa jina moja, na mtu wa Lushoto anaelewa kwa nini: mwezi wa saba ukifungia picha katika plastiki, huo wa kwanza unaleta huo wa pili. Bahasha za karatasi ndani ya boksi kavu zinatosha, mbali na jiko.

Majina huandikwa nyuma kwa penseli laini bila kukandamiza, wala si kwa kalamu ya wino. Zile za rangi ambazo karatasi yake ni kama plastiki penseli haishiki, kwa hiyo tunaandika juu ya bahasha. Kuna jambo lingine lililotushangaza. Hizi picha za rangi za watoto wetu ndizo zinazokufa haraka. Harusi za miaka ya 1970 na 1980 zimeshakuwa nyekundu zote, bwana harusi na keki rangi moja, wakati mama wa matuta wa 1955 bado unahesabu vidole vyake. Kwa hiyo msidhani zilizo mpya ziko salama. Na hizi za kwenye simu, simu ikiingia maji umekwisha. Tumekubaliana kila mwaka mwanachama anasafisha angalau picha tano kwenye karatasi.

Sasa ugomvi. Tumeshauriana kama tuuandike au tuuache, tukaona kuuacha ni kudanganya.

Wa nne katika picha ile, bibi alisema ni mama wa mwanachama mwenzetu mmoja. Mwenzetu huyu alifiwa na mama yake akiwa mtoto wa mwaka mmoja. Hakuwahi kuiona sura ya mama yake, hapakuwa na picha wala ndugu wa kumwambia unafanana naye. Tulipompelekea habari alikuwa ameshakuwa mama wa miaka karibu sitini. Aliitazama picha, akamtazama binti yake, akaitazama tena. Mama yake pale ni mdogo kuliko binti yake. Hakusema neno, aliomba tu akae nayo usiku ule, na kwa sababu imebandikwa kwenye kifuniko, alilala na kifuniko cha sanduku ndani.

Baada ya mwaka mmoja, bibi wa ng'ambo naye akiwa ameshafariki, picha ilionyeshwa kwenye posa moja, na wageni waliotoka Soni wakaitambua. Mzee wao akasema wa nne ni shangazi yake aliyewahi kuolewa kijijini kwetu akaachika. Alisema kwa uhakika, akataja na kanga aliyovaa. Tukawa na majina mawili kwa uso mmoja, na aliyetaja la kwanza hayupo tena.

Kikao kiligawanyika. Wengine walisema wageni wa Soni wanatuhusu nini. Wengine walisema tukianza kuandika jina kwa sababu tunamhurumia mtu, basi majina mengine yote nani atayaamini? Tulipiga kura na ikaamuliwa yaandikwe yote mawili, kila moja na aliyelitaja, na alama ya kuuliza mbele yake. Mwenzetu akasimama akasema, "Mimi mama yangu nimemwona mara moja tu katika maisha yangu, na ninyi mnamwandikia alama ya kuuliza." Akatoka. Vikao viwili hakuja, hisa zake alizileta mtoto.

Hatukulala vizuri siku zile. Tulikwenda kwa shangazi wa mwenzetu aliye hai, anayeishi mbali kidogo na hakuwa ameiona picha. Hatukumwonyesha kwanza. Tulimwomba atueleze huyo wifi yake alikuwaje. Akasema alikuwa mfupi, mwenye haraka, na kila kitu alifanya kwa mkono wa kushoto, hata wakwe walimsema. Tukarudi kwenye picha. Akina mama wanane wameweka jembe bega la kulia. Wa nne ameweka la kushoto. Mmoja wetu mbishi akasema pengine picha ilisafishwa kinyume, kulia ikawa kushoto. Mhazini akamwuliza, "Kwa hiyo kijiji kizima kilikuwa na watu wa kushoto wanane na mmoja wa kulia?"

Sisi viongozi tunaamini ni mama yake. Tumemwambia hivyo, na amerudi, na leo ndiye anayeshika ufunguo wa pili wa sanduku. Lakini jina la Soni hatukulifuta, kwa sababu mzee yule naye hakusema uongo, alisema alichokumbuka, na ushahidi wa bega si hati. Katika ukurasa wa katikati mtaona chini ya namba nne majina yote mawili, pamoja na maneno ya shangazi. Alama ya kuuliza iko kwenye jina moja tu sasa. Hilo kikao kiliridhia.

Jambo moja tulikataa moja kwa moja. Alikuja mtu, si mwanachama, akitaka nakala ya picha ile apeleke kwenye shauri la shamba, eti ionyeshe babu yake alikuwa analima mteremko ule. Tulimjibu kwamba akina mama wale walipangwa pale na bwana shamba, hakuna anayejua walikuwa wanalima la nani. Aliondoka amekasirika. Tangu siku hiyo nakala hazitoki bila mwenye picha kukubali, na zote ziko katika sanduku lile lile la kufuli tatu, chini ya daftari la hisa.

Mpaka tunaandika kurasa hizi tuna picha mia moja na kumi na nane, na themanini na mbili kati yake zina majina kamili. Siku hizi mwanachama au mzazi wake akifariki, wasifu unaandikwa na kamati kutokana na picha na maneno tuliyoandika mapema, na mara ya mwisho msomaji alisoma robo saa na watu hawakutikisika. Tunaomba radhi kwa mashekhe na wachungaji waliolazimika kusubiri.

Picha ya matuta imechapishwa ukurasa wa katikati na kila mtu amepewa namba. Bado tunawatafuta wawili. Namba nane ni mrefu kuliko wote, amefunga kitambaa cheupe na macho ameyafumba, inaelekea aliyafumba kamera ilipolia. Namba tisa ni yule wa mwisho kulia, karibu na bwana shamba, amevaa kaniki, ana shanga shingoni na mkono wake mmoja umeshika tumbo, kwa hiyo akina mama wengi wanasema alikuwa mjamzito. Kama ni hivyo mtoto huyo amekaribia miaka sabini sasa. Tunakutana kila Jumamosi saa nane mchana katika darasa la tatu la shule ya msingi, na kifuniko cha sanduku huwa tunacho.